Hilux ya 1986: kadi yasema 2L, mwenyewe asema 5L

Gari ni Toyota Hilux ya mwaka 1986, chasisi LN65, kebini moja, dizeli, 4WD. Mwenyewe ni mzee wa Kibosho, juu ya Moshi, mkulima wa kahawa aliyelitumia mpaka likachoka, kisha akaliegesha kando ya zizi. Kitinda mimba wake ndiye aliyeamua kulifufua. Bodi imeshatolewa kutu, fremu imepigwa rangi, springi za nyuma zimefunguliwa na kupangwa upya. Ikabaki injini. Kijana alinijia na orodha ya spea mkononi: pistoni, ringi, bearingi za kranki, gasketi seti nzima. Juu ya orodha ameandika jina la injini, "2L", maana ndivyo kadi ya gari inavyosema.

Nilipomsalimu mzee na kumuuliza habari za gari lake, alicheka.

"Hiyo siyo 2L, mwanangu. Ile 2L ilipasuka hedi miaka hiyo. Fundi aliniwekea hii, akasema ni 5L."

"Sasa mbona kadi inasema 2L, baba?" kijana akauliza.

"Kadi ni ya gari. Mimi nazungumzia injini."

Nilimwambia kijana asinunue hata gasketi kwanza. Muuza spea atakupa kile ulichotaja, na akishakata risiti, pistoni isiyolingana na silinda yako ni mzigo wako. Kwenye familia hii ya injini, kukosea jina ni kukosea kila kitu kilicho ndani.

Tuifahamu familia yenyewe kwanza, kwa sababu ugumu wa kisa unaanzia kwa Toyota. L ya mwanzo ilikuwa na cc 2,188, silinda yenye kipenyo cha milimita 90 na mwendo wa pistoni wa milimita 86. Ikafuata 2L: 92 kwa 92, cc 2,446. Halafu 3L: 96 kwa 96, cc 2,779. Halafu 5L, ambayo ina mwendo ule ule wa 96 lakini silinda zimepanuliwa hadi 99.5, ikafika cc 2,986. Wapo wanaodhani ile namba ya mbele ni lita. Siyo. Inaonyesha toleo ndani ya familia. 2L ni injini ya lita 2.4, na 3L haifiki lita tatu.

Kwa nje ni watoto wa tumbo moja. Zote ni silinda nne kwenye mstari, kamshafti juu, taiming ya belti, pampu ya dizeli ya mzunguko. Ndiyo maana mafundi wetu wanazipenda mno. 2L ikifa kwenye Hilux, unatafuta injini ya mtumba iliyotoka kwenye Hiace, unahamisha sampo, lile bakuli la mafuta chini ya injini, ili isigombane na difu ya mbele ya 4WD, unafunga, gari linaondoka. Mwenye gari anajua tu kwamba sasa linavuta. Baada ya miaka kadhaa ya kubadilishana hivyo, injini moja inaweza kuwa na hedi ya huku, pampu ya kule, manifoldi ya gari la tatu na kava iliyookotwa kwenye chuma chakavu.

Kwa hiyo kanuni yangu katika kazi hii ni fupi: kinachofunguka kwa spana hakiwezi kuitolea bloki ushahidi. Kinaweza kukudokeza, kikakupa swali la kuuliza, basi. Ushahidi wa bloki, yaani ule mwili wa chuma wenye silinda, uko kwenye bloki.

Tulianza na bamba la kiwandani, lile dogo la bati kwenye ukuta wa nyuma wa chumba cha injini. Linasomeka vizuri: LN65, injini 2L, 2446 cc, na namba ya chasisi. Tukailinganisha na namba iliyogongwa kwenye fremu, zikalingana, na zote mbili zikalingana na kadi. Hilo lilinipa amani, kwa sababu chasisi ndiyo gari lenyewe mbele ya sheria. Na ile LN65 ina habari zake. L ya mwanzo ni familia ya injini, N ni Hilux. Ingekuwa RN au YN, gari lingekuwa limezaliwa na petroli, la familia ya R au ya Y. Kwa hiyo gari hili lilitoka kiwandani na dizeli, na bamba linataja dizeli gani.

Lakini bamba linasema gari lilivyozaliwa. Injini iliyofungwa miaka mingi baadaye hailihusu. Faida yake hapa ni moja: 3L ilikuja na kizazi cha Hilux kilichofuata, kile kilichoanza mwishoni mwa miaka ya 1980, na 5L ikaja baada ya hapo. Tukikuta bloki ni mojawapo ya hizo, tutajua kwa hakika kwamba ilibadilishwa. Tukikuta 2L, bado tutakuwa na kazi ya kujua kama ni ile ile.

Namba iliyolingana kupita kiasi

Namba ya injini hugongwa kwenye kipande kilichosawazishwa ubavuni mwa bloki, jina la injini kwanza kisha tarakimu. Pale palikuwa na tabaka la mafuta na vumbi lililoganda kama lami. Tulipasugua kwa dizeli na brashi, tukafuta, tukawasha tochi. Ikasomeka 2L, na tarakimu zote zikawa zile zile za kwenye kadi.

Kijana alifurahi. Mzee akanyamaza. Mimi nikainama tena.

Mtu akikuonyesha namba inayolingana na kadi, rahisi kufunga mjadala hapo hapo. Lakini mwenye gari, ambaye hana sababu ya kudanganya, ametuambia injini ilibadilishwa. Injini nyingine ina namba nyingine. Basi namba hii ikilingana na kadi, ama mzee amesahau, ama kuna mtu aliyeilinganisha.

Ukiiangalia kwa karibu, haikuwa namba ya kiwandani. Saba mbili zilizomo hazikuwa na kimo kimoja. Sita moja ilikuwa imeinamia kushoto, na upande wake wa juu umezama zaidi ya wa chini, kama inavyokuwa nyundo ikipiga stempu ya mkono ambayo haikusimama wima. Kiwandani tarakimu hukaa kwenye mstari na kina chake hakibadiliki. Chini ya tarakimu kulikuwa na mistari myembamba ya kupinda, yote ikielekea upande mmoja: hiyo ni alama ya jiwe la grainda. Na juu kidogo ya hapo, sehemu ya ukubwa wa kiberiti ilikuwa laini. Bloki hupatikana kwa kumimina chuma kilichoyeyushwa kwenye kalibu ya mchanga, kwa hiyo ngozi yake huwa na ukali unaousikia kwa kidole. Kila mahali pengine ukali huo ulikuwepo, pale haupo. Kilichokuwa kimeandikwa pale, kama kilikuwepo, kilikwenda na jiwe.

Nikamuuliza mzee, taratibu, kama fundi yule alimwambia lolote kuhusu namba.

"Aliniambia kadi haitanisumbua," akajibu. "Sikuuliza zaidi."

Hilo la kadi nitalirudia, maana ni zito kuliko pistoni. Kwa wakati ule tulichojua ni kwamba namba iliyogongwa haina thamani tena kama kitambulisho. Imekuwa jambo la kuelezwa, badala ya kuwa maelezo.

Hedi na gasketi

Tukafungua kava ya juu. Hapa kuna dalili nzuri sana kwa anayezijua injini hizi. L na 2L za zamani, za miaka ya gari hili, zina roka: kamshafti inasukuma roka, roka inasukuma vali. 2L za baadaye, ambazo baadhi ya vitabu huziita 2L-II, pamoja na 3L na 5L, hazina roka kabisa. Kamu inakaa moja kwa moja juu ya vikombe vya tapeti, na nafasi ya vali hupangwa kwa kubadilisha shimu, visahani vidogo vya chuma vya unene tofauti. Yetu ilikuwa ya shimu. Hedi ya 1986 haikuwepo.

"Basi ni 5L," kijana akasema. Ameshahama upande wa baba.

Hapana. Hedi ni kitu cha spana. Hedi za familia hii zina sifa ya kupasuka, hasa gari likipata joto kali kwa sababu ya rejeta iliyoziba au maji yaliyopungua, na hubadilishwa mara kwa mara. Shimu zilituambia tu kwamba hedi imetoka kwenye toleo la baadaye. Kati ya 2L-II, 3L na 5L, haikuchagua.

Kijana alikuwa na wazo lingine, nami nalitaja kwa sababu si la kipuuzi: apitishe spoku ya baiskeli kwenye tundu la nozeli, azungushe injini kwa spana ya puli, apime pistoni inavyopanda na kushuka. Kwenye injini nyingi za petroli inawezekana kupitia tundu la plagi. Kwenye dizeli hizi huwezi. Nozeli hapa haipulizi juu ya pistoni. Inapuliza ndani ya chumba kidogo kilichomo kwenye hedi, ambacho kimeunganishwa na silinda kwa njia ya mshazari. Spoku inaingia, inagonga ukuta wa kile chumba, inaishia hapo. Na kwa kuwa injini ilikuwa ikienda kwenye ovahoo kwa vyovyote, tukafungua hedi. Bolti zililegezwa kidogo kidogo kutoka miisho kuelekea katikati, injini ikiwa baridi. Hedi imeshapata misukosuko ya kutosha, haina haja ya kupindishwa na sisi.

Gasketi ilitoka nzima. Kwenye sikio lake, lile linalochungulia nje ya bloki, palisomeka 5L.

"Nilikuambia," mzee akasema, na safari hii alikuwa na haki ya kucheka.

Sikubishana naye, nilimwomba tu aje aangalie. Mashimo ya gasketi yalizidi silinda kwa kama milimita mbili kuzunguka pande zote. Mahali pale palipobaki wazi, juu ya bloki, kulikuwa na pete ya masizi magumu, moja kwa kila silinda, nyeusi na kamili. Gasketi iliyo mahali pake haiachi pete ya namna hiyo. Ukingo wake wa chuma hukaa karibu kabisa na mdomo wa silinda. Hii iliingia kwa sababu matundu ya bolti yanakubali, na kwa sababu pengine ndiyo iliyokuwepo dukani siku ile. Au fundi aliamini kweli kwamba ni 5L. Au aliambiwa hivyo na aliyemuuzia injini. Uwongo wa spea mara nyingi hauna mwongo mmoja.

Madhara yake hayakuwa makubwa, lakini yalikuwepo. Nafasi ile ya ziada ni karibu sentimita moja ya ujazo kwa kila silinda. Kwa injini yenye mbano wa takriban 22 kwa 1, ambayo chumba chake chote cha kuchomea ni kama sentimita 33 tu, hiyo inapunguza mbano kwa zaidi ya nusu pointi. Ukiongeza silinda zilizochakaa, unapata dizeli isiyotaka kuwaka asubuhi. Mzee alithibitisha: miezi ya Juni na Julai, baridi ya mlimani ilipokuwa kali, gari liliegeshwa kwenye mteremko.

Chuma kinasema nini

Sasa bloki iko wazi, na hapa ndipo mtu anapaswa kutulia.

Tulianza na mwendo wa pistoni, kwa sababu hauhitaji kifaa zaidi ya venia yenye mkia wa kupimia kina. Kuna mtego mdogo ambao nimeona ukipoteza watu. Pistoni ya dizeli hizi ikifika juu kabisa haikai sawa na uso wa bloki, inachomoza kidogo. Ndiyo maana hata gasketi zake huuzwa kwa unene tofauti, nawe unachagua baada ya kupima pistoni imechomoza kiasi gani. Ukipima kina cha pistoni ikiwa chini tu, ukasahau lile chomozo, utapata namba pungufu na utaanza kutafuta injini isiyokuwepo. Pistoni yetu ya kwanza ilichomoza milimita 0.8. Ilipofika chini kabisa, kutoka uso wa bloki hadi kwenye pistoni palikuwa na 95.2. Jumla 96.0.

Tisini na sita inaondoa L, inaondoa 2L. Kinabaki 3L au 5L, ambazo mwendo wao ni mmoja.

Msomaji makini atauliza: je, kranki nayo si hufunguka kwa spana? Hufunguka. Mwendo wa pistoni unatokana na kranki, si bloki, na kwa kanuni niliyoitaja mwenyewe hiyo 96 haijafunga kesi. Inayofunga ni kipenyo cha silinda, kwa sababu silinda ni bloki yenyewe.

Kipenyo hakipimwi kwa venia ikiwa unataka kuagizia pistoni. Tulitumia saa ya kupimia silinda, tukaiwekea msingi kwa maikromita, tukapima kila silinda juu, katikati na chini, kwa urefu wa injini na kwa upande. Chini, mahali ringi hazifiki, ilisoma 96.51. Juu, chini kidogo ya mdomo ambapo ringi ya kwanza husugua sana, ilifika 96.62 kwa silinda iliyochoka kuliko zote. Kabla ya kupima nilikuwa nimeisugua pistoni ya pili kwa kitambaa chenye dizeli, na chini ya masizi pakatokea maandishi madogo yaliyogongwa: 0.50.

Hapo hesabu inajikamilisha. Silinda ilishachongwa mara moja na kupewa pistoni za ukubwa wa ziada wa nusu milimita. Ukitoa 0.50 kwenye 96.50 unabaki na 96.00, kipimo cha kuzaliwa cha 3L. Kutoka 92 ya 2L hadi 96.5 ni kupanua milimita nne na nusu. Pistoni za ziada huishia milimita moja, na kabla hujafika kokote ungekuwa umeusogelea mno ukuta wa maji. Kutoka 99.5 ya 5L huwezi kurudi 96.5, kwa sababu mashine ya kuchongea inaondoa chuma, hairudishi.

Isipokuwa mtu aweke slivu, bomba la chuma linaloshindiliwa ndani ya silinda ya zamani. Hili lilistahili dakika zake, kwa sababu bloki iliyopasuka ukuta huweza kuokolewa kwa slivu. Slivu huacha alama: kwenye uso wa bloki, kuzunguka mdomo wa silinda, utaona mstari mwembamba wa duara mahali chuma kipya kinapokutana na cha zamani, na ukipitisha ukucha utausikia. Tulisafisha uso mpaka ukang'aa, tukapitisha ukucha silinda zote nne. Hakuna mstari. Na sijamwona mtu anayeigharamia 5L slivu ili aishushe iwe 3L.

Kwa hiyo ni 3L, iliyochongwa mara moja. Ujazo wake wa sasa, ukizidisha, ni kama cc 2,808, lakini jina halibadiliki kwa nusu milimita. Kadi imekosea, mwenye gari amekosea, na gasketi iliyoonekana kumtetea mwenye gari imekosea pamoja naye. Kijana akaichukua orodha yake na kufuta ile 2L. Angenunua zile pistoni, zingetumbukia ndani ya silinda na kucheza.

Turudi kwenye kadi

Kwa upande wa ufundi kazi iliyobaki inaeleweka. Uchakavu wa 0.11 kwenye silinda moja hautavumilika na ringi mpya peke yake. Kwenda 0.75 kungebakiza nyama ndogo mno ya kuondoa kwenye silinda iliyochoka, hasa kama imeanza kuwa yai, kwa hiyo ningekwenda moja kwa moja 97.00 na pistoni za 1.00. Huo ni mwisho wa bloki hii; hakuna kuchongwa tena. Pampu nayo ipelekwe kwa fundi pampu isomwe bamba lake na ipimwe kwenye mashine, maana ni kitu cha spana kama vingine na inawezekana ni ya 2L, inayogawa mafuta kwa injini ndogo.

Kijana aliuliza swali la mpenda magari ya zamani: kwa kuwa anataka gari liwe kama lilivyotoka kiwandani, asitafute 2L ya roka ya miaka ile? Anaweza, na gari lingelingana na bamba lake. Mimi nisingefanya hivyo. 2L ya roka iliyo nzima ni ngumu kupata kuliko anavyofikiri, hedi yake itakuwa na umri wa gari, na Hilux iliyobeba mizigo mlimani maisha yake yote haiaibiki kuwa na 3L. Ambao hawatafunga boneti bila kuona injini ya asili watanilaumu, na wana hoja. Ila injini ya kuonyeshwa na injini ya kupandia Kibosho na magunia nyuma ni mahitaji tofauti.

Kubadilisha injini si kosa. Kadi ya usajili ina mahali pa namba ya chasisi na pa namba ya injini kwa sababu hizi mbili zinaweza kuachana, na mabadiliko hupelekwa yakaandikwe. Kosa lililofanyika hapa ni la mtu kuifanya injini ngeni ionekane ile ya zamani. Ushauri wa kijiweni naujua: acha kama ilivyo, namba inalingana, askari akifungua boneti atasoma na kufunga. Ni kweli mpaka siku gari litakapouzwa kwa mtu anayejua kutofautisha roka na shimu, au siku ya ajali ambapo kila kitu kitapimwa upya. Na kuna jambo baya zaidi. Namba halisi ya bloki hii imefutwa. Hakuna anayeweza kusema imetoka kwenye gari gani, wala kama gari hilo lilikuwa na mwenyewe anayelitafuta. Mtu anayefuta namba wakati mwingine anakwepa foleni tu ya ofisini, na wakati mwingine ana sababu nyingine. Ukiangalia chuma kilichosagwa huwezi kujua ni yupi.

Kugonga namba nyingine juu yake, hata kama ni kwa nia ya kuweka "3L" ya kweli, ni kuongeza kosa juu ya kosa. Hilo nililisema mapema, kabla halijapendekezwa.

Mzee ndiye aliyeamua. Alisema yeye ndiye aliyelipa fundi, kwa hiyo yeye ndiye atakayekwenda kueleza, na kijana amfuatie na kadi pamoja na bamba. Walikwenda polisi kwa mkaguzi wa magari wakiwa na maelezo ya maandishi: lini injini ilibadilishwa kwa kadiri anavyokumbuka, kwa nini, na namba ilionekanaje bloki iliposafishwa. Picha tulizopiga za tarakimu na ile sehemu laini ziliambatanishwa. Marekebisho ya kadi huko TRA yatasubiri majibu ya huko. Bloki imebaki kwenye meza ya karakana kama ilivyokutwa, haijachongwa, haijapigwa rangi, na mahali pa namba pamepakwa grisi tu pasipate kutu.

Wakati huohuo kijana amepata bloki nyingine ya 3L mjini Moshi, iliyotoka kwenye Hiace iliyovunjwa, yenye namba inayosomeka na muuzaji aliye tayari kuandika hati ya mauziano. Tumeipima kwa utaratibu ule ule: tarakimu zimesimama sawa, ukali wa mchanga uko ubavuni kote, silinda zinasoma 96.02 na hazijawahi kuchongwa. Ikiwa ile ya kwanza itazuiwa, hii itapewa pistoni za kipimo cha kuzaliwa bila kuchongwa; ile ikiruhusiwa, itachongwa hadi 97.00. Pistoni hazijaagizwa. Kilichonunuliwa ni seti ya gasketi tu, ya 3L, na ile ya hedi imeachwa kwanza mpaka pistoni zipandishwe na kupimwa zimechomoza kiasi gani.